Siku Niliyomsifu Wambui

Nilipokuwa na miaka saba nilijua njia moja tu ya kumdhuru mtu bila kumgusa, nayo ilikuwa kumsifu. Sikuibuni mwenyewe. Nilifunzwa na Shosho, mama yake Mama, katika nyumba yake ya mbao na mabati kule Ruiru, na alinifunza ili nijikinge na watu wabaya. Matumizi yale mengine niliyagundua peke yangu.

Mama alifanya kazi katika kiwanda cha matunda Thika. Wiki moja alikuwa zamu ya mchana, wiki iliyofuata ya usiku, na wiki hiyo ya usiku ndiyo niliyoichukia, kwa sababu mimi na mdogo wangu tulihamia kwa Shosho tangu Jumapili jioni hadi Jumamosi. Mama alipita kutuona mara mbili kwa siku: asubuhi akitoka kazini, macho mekundu na mikono inanukia mananasi, na jioni saa kumi na moja akielekea barabarani kusubiri basi la kampuni. Kila jioni alimnyonyesha mtoto, akanishika kichwa, akasema, "Nyokabi, usimsumbue Shosho," akaenda. Nilisimama langoni nikimtazama mpaka apinde kwenye ua wa shamba la kahawa. Sikulia. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mtoto mkubwa halii.

Mdogo wangu aliitwa Wambui, na hapo ndipo taabu yangu yote ilipoanzia. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Mtoto anayebeba jina lako ni wewe umerudi. Shosho mwenyewe aliitwa Wambui, Mama alikuwa binti yake pekee, na kwa hiyo alikuwa amengoja miaka mingi kurudi. Aliporudi hakulifanyia utani jambo hilo. Alimwita mtoto "mimi". Mama akifika asubuhi aliambiwa, "Mimi leo nimekunywa uji wote," au, "Ngoja, usiniamshe mimi, nimelala saa hii tu." Wageni walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha.

Kwa sababu, ikiwa mtoto yule alikuwa Shosho, mimi nilikuwa nani? Mimi nilikuwa mama yake baba. Baba alituacha Mama akiwa na mimba ya Wambui, akahamia Nakuru kwa mwanamke mwingine, na kwa maoni ya Shosho lawama yote ilimwangukia aliyemzaa. Huyo Nyokabi mzee alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Sikumjua hata kwa picha. Lakini Shosho alimjua, na kila alipomtaja alipunguza sauti.

"Alikuwa na jicho," alisema. "Alikuja hapa siku moja, akasimama pale kwa zizi, akasema ndama wangu ako na mgongo mzuri. Hakutema mate. Siku ya tatu ndama akakufa."

Kisha alinitazama. Hakunitazama kwa chuki, sitamsingizia. Alinitazama kama mtu anayekagua maziwa kabla ya kuyanunua.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile. Mtoto mdogo hasifiwi hivihivi. Ukisema ni mnono, ukisema ana macho mazuri, sharti umtemee mate kidogo kifuani, thu, thu, ndipo maneno yako yapoe. Usipotema, sifa inamwingia mtoto na kuanza kumla kutoka ndani. Watu wengi hawana madhara, lakini wapo wenye jicho, na wengine wao hawajijui. Kwa hiyo hutema wote. Akina mama wa kanisani walitema. Fundi wa mabati alitema. Shosho alikuwa akiuza maziwa ya ng'ombe wake mmoja kwa watu wa mtaa wa Membley, na kulikuwa na mama mmoja aliyekuja na gari jeupe, viatu virefu, kucha zimepakwa rangi. Siku yake ya kwanza alimwona Wambui mgongoni kwa Shosho akapiga kelele.

"Oh my God, huyu baby ni mzuri aki! Angalia hizo cheeks!"

"Tema," akasema Shosho.

"Niteme nini?"

"Mate. Kwa kifua ya mtoto. Kidogo tu."

Yule mama akamtazama Shosho, akatazama mtungi wa maziwa, akaelewa kwamba hapati maziwa asipotema. Alitema kwa aibu kubwa, kisha akatoa kitambaa cha karatasi apanguse. Shosho akamzuia mkono. Tangu siku hiyo kila alipokuja alitema kabla hata ya kusalimia, akasifu baadaye.

Mimi hakuna aliyewahi kuhitaji kunitemea mate. Najua linavyosikika, mtu mzima kulalamika kwamba hakutemewa mate, lakini nililihesabu. Katika wiki zote hizo za kulala kwa Shosho sikumsikia mtu hata mmoja akisema jambo juu yangu ambalo lingehitaji kupozwa.

Na si hilo tu. Wambui alilala kitandani na Shosho, kifuani kabisa, ndani ya blanketi lenye ua jekundu. Mimi nililala kwenye godoro chini, karibu na gunia la mahindi. Mafuta ya juu ya maziwa yalikuwa ya Wambui. Ndizi iliyoiva vizuri ilikuwa ya Wambui, nami nilipewa ile yenye doa, kwa sababu mimi nina meno. Nikikohoa niliambiwa nisimwamshe mtoto. Wambui akikohoa taa iliwashwa. Nilimwonea wivu wa aina ambayo mpaka leo nikiikumbuka shingo inaniuma, na wivu huo haukuwa wa mafuta ya maziwa. Ulikuwa wa kile kifua. Usiku, ukiwa na miaka saba na mama yako yuko Thika, unataka kifua cha mtu.

Siku ya Jumatano, wiki moja ya zamu ya usiku, nilitoka shule nikamkuta Wambui amekaa kwenye mkeka nje ya jiko amevaa sweta jipya. Lilikuwa jekundu, lenye vifungo vitatu vyeupe. Nilivijua vifungo vile kabla ya kulijua sweta. Vilikuwa vyangu. Mama alikuwa amenifumia sweta jekundu nilipoanza shule ya nasari, zawadi ya pekee niliyokumbuka kupewa kabla Baba hajaondoka, na ingawa lilikuwa limenibana kwapani nililikunja nikaliweka chini ya mto kwenye godoro langu. Shosho alikuwa amelipata, akalifumua uzi wote, akafuma upya. Siku nzima alikuwa akifuma huku mimi niko darasani nikisoma.

"Shosho, hiyo ni sweta yangu."

"Ilikuwa imekushinda. Uzi mzuri hautupwi." Akamgeuza Wambui anione. "Si mimi nimependeza?"

Kisha akachukua ndoo yake ya kukamulia akaenda zizini, akaniachia mtoto nimwangalie. Hapo ndipo nilipofanya.

Nilichuchumaa mbele ya Wambui. Nilimeza mate. Nikameza tena, nikausugua ulimi kwenye kaakaa mpaka mdomo ukawa mkavu, ili lisinitoke hata tone kwa bahati mbaya. Kisha nikaanza juu kwenda chini, polepole, bila kuruka kitu, maana nilitaka asibaki na mahali pa kujificha.

"Wambui, una nywele laini," nilisema. "Una macho makubwa na meusi. Una nyusi nzuri. Una meno manne na yote ni meupe. Una mashavu mazuri kuliko ya watoto wote wa hapa Ruiru. Una shingo yenye mikunjo mitatu. Una vidole vifupi vinono. Una magoti mazuri. Una miguu mizuri. Ukicheka unapendeza kuliko mtu yeyote."

Akacheka. Alidhani nacheza naye. Alinyoosha mikono nimbebe, na sikumbeba.

Usiku ule hakulala vizuri. Nilimsikia akinung'unika kitandani na Shosho akimbembeleza. Asubuhi Mama alipopita, Wambui alishika ziwa akaliachia, akalia. "Ni meno," akasema Mama. "Ni meno," akakubali Shosho, lakini alisema akiwa anaangalia mlango. Nilikwenda shule. Nilijiambia ni meno. Mwalimu aliniuliza swali la kujumlisha nikamjibu, "Ni meno," darasa zima likacheka.

Niliporudi jioni mtoto alikuwa moto. Macho yalikuwa nusu wazi, kichwa kimelala begani kwa Shosho, na hakugeuka aliponisikia. Uani palikuwa na watu. Shosho alikuwa amewaita wote wa karibu waliokanyaga pale tangu Jumapili, na wote walikuwa wametema: jirani wa ng'ambo, mzee wa kuleta majani ya ng'ombe, hata mwinjilisti aliyesema kwanza kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mwinjilisti alitema akiwa amefumba macho. Walisimama kando wakingoja mtoto ainue kichwa. Hakuinua.

"Nyokabi," Shosho akaniita. "Wewe uko hapa kila siku. Nani alimsifu huyu mtoto na hakutema?"

Walinigeukia wote. Ningeweza kusema. Nilijua ningeweza, na nilijua pia kitakachofuata: wangeniangalia vile Shosho alivyoniangalia, lakini wote kwa pamoja, na isingekuwa tena kukagua. Wangekuwa wamepata jibu. Ningekuwa Nyokabi yule mwingine, na Nyokabi yule hakulazwa katika nyumba ile hata kwenye godoro la chini.

"Ni yule mama wa gari nyeupe," nikasema.

Shosho akatoa kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, kwenye kifua cha gauni, akanipa nibonyeze nambari kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri. Kwa hiyo ni mimi niliyempigia. Alikuja baada ya robo saa, bado amevaa nguo za ofisi, bila vile viatu virefu. Alikuwa karibu kulia. "Shosho, mimi nilitema aki, lazima nilitema," alisema, akamtemea Wambui kifuani mara tatu, akamtemea na miguuni. Alitaka kuwapeleka hospitali na gari lake saa ileile. Shosho akasema tungoje kwanza, mate yake yafanye kazi. Mama yule aliondoka akijipangusa macho kwa kiganja, na kucha zake zilikuwa zimebanduka rangi. Sijawahi kumwomba msamaha na simjui jina.

Saa kumi na moja Mama akafika. Alimshika Wambui, akamgusa shingo, akaketi papo hapo kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mami, huyu aende clinic."

"Clinic gani saa hii? Wamefunga. Kesho asubuhi."

"Basi siendi kazi."

"Njeri, ulisema supervisor alikwambia nini ukikosa tena? Enda. Huyu ni mimi. Nitajiangalia."

Mama alibaki na mtoto mapajani, na zilibaki dakika kumi basi lipite. Alijaribu kumnyonyesha. Wambui akageuza uso, akanyoosha mikono miwili kwa Shosho, akalia kwa sauti ndogo ya mgonjwa mpaka Shosho alipomchukua. Kwa Shosho akanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa jiko nikauona uso wa Mama. Kilichokuwa kwenye uso ule hakikuwa hofu peke yake. Nilikijua kile kingine. Nilikuwa nikiishi nacho. Lakini nilikuwa na miaka saba na sikuweza kuamini kwamba mtu mzima, tena Mama, angeweza kuwa nacho, kwa hiyo nilijiambia amechoka. Alifunga vifungo vya blauzi, akashika njia, na mara hii hakunigusa kichwa.

Watu walitawanyika. Shosho akamlaza Wambui kitandani, akaenda kukamua kwa kuwa ng'ombe hangoji. Nikabaki naye peke yangu mara ya pili.

Nilijua dawa. Aliyesifu ndiye anayetema, hakuna mwingine. Watu wote wale walikuwa wamepoteza mate yao. Nikapanda kitandani, kitanda ambacho sikuwahi kuruhusiwa kukipanda, nikafungua vifungo vyangu vitatu vyeupe, nikainama juu ya kifua chake. Hakikutoka kitu. Mdomo ulikuwa umekauka kwa woga. Jana nilihangaika kuyamaliza mate, na leo nilipoyataka hayakuwepo. Nilijaribu tena. Nikakimbia jikoni, nikalamba chumvi kwenye kopo, nikalamba tena mpaka ulimi ukawaka, nikarudi mbio nikiwa nimejaza mdomo, nikamwaga yote. Yalikuwa mengi mno. Yalimwagika kifuani, shingoni, kwenye sweta, na Wambui akaamka akapiga ukelele.

Shosho akaingia na ndoo mkononi.

"Uui! Unamtemea mtoto mate? Mtoto mgonjwa?"

Kwa sekunde moja ningeweza kukubali hilo, kwamba nimemtemea kwa utovu wa adabu. Ningechapwa na yangeisha. Lakini Wambui alikuwa bado moto, na sikujua kama mate yanafanya kazi ukiyakana.

"Nilimsifu," nikasema. "Jana. Ni mimi, si yule mama wa gari."

Shosho akaweka ndoo chini. "Ulisema nini?"

Nikamwambia yote, kuanzia nywele mpaka kicheko. Nilipofika kwenye magoti nikaanza kulia. Nilipomaliza alimpangusa Wambui shingo kwa kona ya leso, akaketi upande wa pili wa kitanda, mtoto katikati yetu.

"Kumbe ni ukweli," akasema. "Wewe ni Nyokabi."

Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinipa ugali na maziwa, nikala, akanitandikia godoro langu mwenyewe. Na usiku kucha alilala amenipa mimi mgongo ili kumkinga mtoto, yaani aligeukia ukutani na Wambui yuko upande ule wa ukuta, nisimwone. Sina neno jingine la kueleza usiku ule. Nilikuwa nimepatikana.

Asubuhi Mama alikuja akikimbia. Alishuka kwenye basi akakimbia njia yote. Shosho alimsubiri mlangoni. Alimwambia kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, akidhani sisikii. Alimwambia nilichofanya, akamwambia jicho limefuata jina, na kwamba itabidi nitafutiwe mahali pengine pa kulala wiki za usiku, kwa shangazi yake Baba labda, kwa watu wangu.

Mama alisikiliza akiwa bado anatweta. Aliniangalia nilipokuwa nimesimama karibu na gunia. Kisha akamwangalia Shosho.

"Mami, mimi pia nilimsifu."

"Wewe?"

"Jumapili. Nikikuachia yeye. Ulikuwa umembeba kwa mgongo, akalala hata kabla nifike kwa gate. Nikasema kwa roho, mtoto wangu amekuwa mzuri hivi, na si mimi namlea." Akajipangusa jasho usoni. "Sikutema. Sikutaka kutema."

Shosho akasogea kando ya mlango. Mama akaingia, akamwinamia Wambui, akamtemea kifuani mara mbili bila kukawia, akamfunga mgongoni, akanishika mkono, tukaenda zahanati watatu. Nilikosa shule siku hiyo.

Lilikuwa sikio. Mimi leo ni muuguzi hapahapa Thika, nimeshaona masikio ya watoto wengi yaliyojaa usaha, na najua kwamba homa ile ilianza kabla sijafungua mdomo wangu. Wambui alipewa dawa, siku ya tatu akawa anavuta mkia wa paka. Shosho alishikilia mpaka kufa kwake kwamba ni mate. Alichobadilisha ni kitu kimoja tu: hakutaja tena kunitafutia mahali pengine, kwa kuwa angelazimika kumtafutia binti yake pia. Kila jioni kabla ya kulala aliniita nimtemee mtoto, na nilitema. Sweta Wambui alilivaa mpaka likamshinda. Shosho hakuwahi kunipenda kama alivyompenda yeye, na sitampa marehemu wema ambao hakuwa nao.

Lakini kwa miaka mingi sikumdai Shosho kitu, kwa sababu nilikuwa na kile kisa cha mlangoni. Nilikichukulia kuwa ni uongo. Mama alikuwa amefanya kazi usiku kucha, amekimbia, amechoka, na alipoona natolewa nyumbani aliingia haraka akajipaka tope pamoja nami. Hakuna aliyewahi kunifanyia jambo kubwa kama lile. Wambui alikuwa na kitanda, blanketi na jina, nami nilikuwa na uongo wa Mama. Nilitaka sana uwe uongo, maana uongo ungekuwa wangu. Ukweli ungekuwa wa Wambui, kama vitu vingine vyote.

Nilimuuliza Mama mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa sekondari, akacheka. Mara ya pili siku tuliyomzika Shosho, akasema, "Wewe na mambo yako ya kitambo." Mara ya tatu nilikuwa nimeshaolewa, akaacha kuchambua majani ya sukuma wiki akaniangalia.

"Wewe unataka iwe gani?" akauliza.

Nikachukua fungu la majani nikamsaidia kuchambua.

Mume wangu yuko Eldoret kikazi, nami napangiwa usiku wiki mbili kwa mwezi. Binti yangu Muthoni, ambaye ana miaka mitatu, hulala Juja kwa Wambui. Wambui ana saluni ndogo karibu na hosteli za wanafunzi na chumba nyuma yake, hana mtoto, na watoto humpenda wanapomwona tu. Sijui anavyofanya. Mwezi uliopita nilitoka zamu mbaya, usiku ambao tulipoteza mtu, nikaenda moja kwa moja kumchukua Muthoni nikiwa bado na sare. Nilikuwa nimemtamani kwa muda wa saa kumi na mbili. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni amesukwa mistari minne, Wambui anamfunga shanga. Alipendeza mno. Nikanyoosha mikono.

Akaukumbatia mguu wa Wambui.

"Mama," akaniambia kwa upole kabisa, "si urudi tu kazi?"

Wambui akacheka, nami nikacheka. Nikasema sawa, alale hapo na leo, nimechoka pia. Nikamwambia Wambui asante. Nikatembea mpaka kwenye daraja la watembea kwa miguu, nikasimama katikati, magari yanapita chini yangu kwenda Thika, nikalia kwa wivu, mtu mzima wa miaka karibu thelathini, nikimwonea wivu mtu yuleyule kwa mara nyingine.

Na nilipokuwa nikilia nikauona tena uso wa Mama jioni ile amekaa kwenye ndoo, na nikajua kwamba asubuhi iliyofuata pale mlangoni hakuwa akinifikiria mimi. Alikuwa amesema ukweli, wivu uliomjaa rohoni, basi, na ukatokea kunikinga na mimi. Sijamuuliza tena.